Oriokot na Ndama wa Uso Mkavu

"Sasa ng'ombe gani huyo, amefiwa na mama yake na anasimama tu kama anangoja chanjo?" nilimwuliza Oriokot. "Ama aliyekufa ni mama wa kambo?"

"Mama Patroba, hiyo ndama nalia. Ni wewe haioni."

"Analia wapi? Machozi yako wapi? Mdomo unatetemeka wapi? Mimi nimelia kwenye matanga ya watu nisiowajua kuliko huyu anavyomlilia mamake!"

"Kukhu anasema kweli," Caro akadakia kutoka mlangoni. Kukhu ni bibi, ndivyo vijana wanavyoniita. "Jana nimejaribishia vijana kidogo tu. Mama ng'ombe anakufa, wao wanaulizana nani ataenda kununua chapati. Mwingine anagonga ukuta, eti, Caro, filamu imekwama! Haijakwama, bana. Ndama ndiye amekwama. Oriokot, leo shika hiyo maikrofoni umlilie kama ulivyomlilia yule wa zamani, ama watu watatoka wote."

"Silii."

"Kwa nini?"

"Ng'ombe hailii namna hiyo."

Akageukia ukuta ambapo picha inaangukia, mikono juu ya magoti, uso wake ukiwa vile vile ulivyokuwa siku zote. Ukitaka kujua Oriokot amefurahi au ameumwa na nge, huo uso hautakusaidia. Ni mlango uliofungwa, na mwenye ufunguo alishazikwa.

Kibanda cha video ni cha Caro. Yeye hulala upande wa Kenya, asubuhi anavuka, jioni anarudi, na jina lake wanalijua hata mbwa wa forodha. Oriokot ndiye anayeshika maikrofoni. Filamu zinakuja na Kizungu chao, au Kihindi, au Kichina, naye anakaa pembeni anawasemea wote kwa Kiswahili chetu cha mpakani: mwizi, polisi, bibi arusi, hata mlango ukifungwa kwa hasira yeye ndiye anayesema "paa!" Mimi nauza kabalagala mlangoni, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo, na sijawahi kulipa kiingilio kwa sababu macho yangu ni mabovu na ninasikiliza tu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Caro.

Filamu tuliyokuwa tunagombania ni ya ndama. Wote Busia wanaijua, maana ile ya zamani ilionyeshwa hapa mpaka ikachakaa. Ile ilichorwa kwa mkono. Ndama alikuwa mwekundu kama nyanya, macho kama sahani za arusi, na nyusi juu yake. Ng'ombe mwenye nyusi! Mto unafurika, mama yake anamsukuma kwa kichwa mpaka anapanda ukingoni, halafu yeye mwenyewe matope yanamshika na anafia pale. Basi ndama wa kuchora akishusha zile nyusi, na chozi likatoka kubwa kama parachichi, na Oriokot akalia ndani ya maikrofoni, kibanda kizima kilikuwa kinajaa maji. Mimi ndala yangu ya kushoto ilielea ikatoka mlangoni, nikaja kuikuta Lumino. Cheka utakavyo. Ndala ilikuwa yangu, nilizishonea kanda zake uzi wa bluu.

Hii mpya ni hadithi ile ile, mto ule ule, lakini wameitengeneza upya kwa kompyuta. Caro anasema hakuna ng'ombe hata mmoja aliyesimama mbele ya kamera. Mimi nilikataa. Manyoya unayaona moja moja, kupe wako sikioni, tope limekauka magotini, na nzi anapotua kwenye jicho mimi nilinyoosha mkono nimfukuze. Ni ng'ombe kabisa. Ni ng'ombe kuliko ng'ombe wa jirani yangu. Na ndiyo shida yenyewe, kwa sababu uso wa ng'ombe wa jirani yangu nao hauniambii kitu.

Siku nyingine ningecheka nikaenda zangu. Siku hiyo sikuweza, maana Atai alikuwa anakuja.

Atai ni binti wa Oriokot, wa pekee. Amelelewa Lumino kwa wajomba zake tangu meno ya mbele yanang'oka. Sasa ni mtu mzima na ana mchumba. Nilikutana naye sokoni huko, akaniamkia vizuri, akanibebea kapu, halafu akasema bila kunitazama: "Kukhu, mwambie mzee Jumamosi nitakuja nimwone akifanya kazi yake. Ile filamu ya ndama. Nataka nimtazame uso. Nikishamwona nitajua kama nitamwita kanisani siku yangu, ama nitamwacha hivi hivi."

Nilipomletea Oriokot maneno hayo alikuwa anafunga waya. Aliendelea kufunga waya. Alifunga mpaka waya ukaisha.

*

Oriokot alizaliwa upande wa Tororo. Alipokuwa mdogo alichunga ng'ombe za watu huko Kirewa, na nadhani ndiko alikojifunza kunyamaza, kwa sababu ng'ombe hawana haja ya mtu wa maneno mengi. Alikuja Busia akiwa kijana wa kusukuma baiskeli za mizigo mpakani. Siku moja alikuwa amekaa ndani ya kibanda, hiki hiki, enzi za mwenye kibanda wa kwanza, na mtafsiri hakufika. Watu wakaanza kupiga kelele. Kwenye picha kulikuwa na mbuzi anapelekwa kuchinjwa. Oriokot alisimama, akashika maikrofoni, akamsemea mbuzi. Akamwombea msamaha kwa mwenye nyumba, akamkumbusha maziwa aliyotoa, akaaga watoto wa nyumba mmoja mmoja kwa majina. Wenye bucha waliokuwa ndani walikwenda nyumbani wakala mboga. Wawili wao mpaka leo hawajarudi kwenye nyama, na mmoja ni shemasi.

Nje ya kibanda, kwenye veranda, alikuwapo msichana Msamia wa Lumino, Nereah, anasuka watu nywele. Aliisikia ile sauti kwenye spika ya nje. Mkono ukasimama katikati ya kichwa cha mteja. "Huyo mbuzi ni nani?" akauliza.

Alimpenda kabla hajamwona. Alipomwona alidhani ni mlinzi.

Sisi majirani tulimwambia, Nereah, mtoto wetu, utakaaje na mtu ambaye hata akicheka lazima akuandikie? Akasema: "Nyinyi mnatazama juu. Mimi namsoma mikononi." Kweli, mkono wake ulikuwa na habari. Nereah akiwa na mimba, Oriokot hakusema amefurahi. Alitengeneza kigoda cha kukalia msusi, miguu mifupi, akakilainisha kwa chupa iliyovunjika mpaka kikawa kama shavu. Atai alipokua, kila Jumamosi Nereah alikaa kwenye kigoda hicho nyuma ya jiko, mtoto chini kati ya magoti, akamsuka mistari ya kwenda nayo kanisani kesho yake. Oriokot alikaa karibu akishika kitana. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kushika kitana.

Kisha Nereah akaugua wakati wa mvua, na mvua haijakatika alikuwa amekwenda.

Matanga yalikuwa nyumbani kwa Oriokot, Masinya tunakokaa, na mimi ni jirani, nilikuwapo. Na nililia. Mimi nikilia, kuku wanaacha kutaga, na upande wa Kenya walidhani ni king'ora wakafunga geti. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtu akifa tunamtangaza. Wakwe wanaanza mayowe tangu kona ya barabara, na mume anatoka mbio kuwapokea na mayowe yake, anajitupa, wanaume wanamshika, anawaponyoka, anajitupa tena. Asiyefanya hivyo watu wanamtazama kando. Wanajiuliza alimlisha nini marehemu.

Wakwe wakaja kutoka Lumino, mayowe hadi mbinguni. Njiani hakutoka mtu. Mbele yao alikuwa Phillip, kaka mkubwa wa Nereah, mtu mwenye kifua na sauti ya kwaya. Wakazunguka nyumba wakimtafuta mfiwa. Wakamkuta nyuma ya jiko, kwenye kigoda, kitana kati ya meno, mtoto kati ya magoti. Anamsuka.

Mtu wa mbali hawezi kujua jambo hilo lilivyo. Nyumba ikifiwa, nywele zinanyolewa. Baada ya kuzika, wembe unapita kwa wote, mpaka kwa mtoto, ndipo huzuni inapata kutoka. Kusuka ni kwa arusi na Krismasi. Na huyu anamsuka mtoto wa marehemu, jeneza bado liko sebuleni, na macho makavu kama changarawe.

"Dada yetu hajafukiwa," alisema Phillip, "na wewe unampamba mtoto. Unampeleka sherehe gani?"

Oriokot aliendelea kusuka. Kitana kilikuwa mdomoni.

Walimwinua Atai upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili umesimama. Jioni walimnyoa kichwa chote. Wakaenda naye Lumino, wakisema ni kwa muda, mpaka baba apone akili.

Na ingekuwa kwa muda. Phillip si mtu mbaya. Mwezi ulipopita alipanda bodaboda kuja Busia waongee, mtoto arudi kwa baba yake. Lakini tazama alivyofika. Oriokot alikuwa amerudi kazini, na filamu ilikuwa ile ya ndama wa kuchora, mpya wakati huo. Phillip alisimama barabarani chini ya spika ya nje akitafuta mlango uko wapi. Ndipo mama ng'ombe akazama. Na Oriokot akalia.

Jamani, alilia. Watafsiri wengine wanalia "uu uu" wakitazama saa. Huyu alimwita yule ng'ombe. Alimwuliza mbona umelala sana. Alimwambia amka, maji yameisha, amka twende. Wanawake walianguka kutoka kwenye mabenchi. Nje, madereva wa trela walishuka wakavua kofia.

Phillip alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda bodaboda ile ile iliyomleta. Aliyembeba ndiye aliyetuambia alichosema njiani: "Machozi ya dada yetu amempa ng'ombe wa kuchora."

Neno hilo halikurudi nyuma tena. Atai amekua nalo. Oriokot alikwenda Lumino mara nyingi, akasimama kwenye ua na ule uso wake, na kila aliposimama alikuwa anawathibitishia. Viatu alivyopeleka vilivaliwa. Yeye hakukaribishwa kukaa.

*

Kwa hiyo unaona kwa nini nilikuwa napiga kelele.

"Leo ndiyo nafasi yako," nilimwambia. "Mtoto anakuja kutazama uso, na uso huna. Basi mpe sauti! Lia mpaka bati litoke misumari!"

"Nikilia," alisema, "atasema, kweli, yeye nalilia ng'ombe. Ndiyo maneno ya mjomba yake. Nisipolia, atasema, kweli, baba hana machozi. Wewe Mama Patroba uko na mdomo mkubwa, niambie nipite wapi."

Nilichukua kabalagala moja nikaitia kwenye huo mdomo mkubwa. 

Caro alikuna kichwa. "Mimi naenda kutafuta mafuta ya jenereta," akasema. "Nikirudi muwe mmeamua. Huyo ndama alie, ama tuweke filamu ya karate." Akatoka.

Nilisogea karibu na meza ya mitambo nipate pa kuegemea. Meza hiyo ina vitufe vingi na waya kama matumbo ya mbuzi. Kitufe kimoja ni cha spika ya nje, ile iliyo juu ya mlingoti ikitazama barabara, ya kuita watu. Kiwiko changu ni kizee, huenda kinakotaka. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Maikrofoni ilikuwa mbele ya kifua cha Oriokot pale ilipo kila siku. Barabarani trela zilikuwa kwenye foleni zikinguruma, na yeye macho yalikuwa ukutani.

"Haya," nikasema, "nifundishe. Huyo ndama analia wapi?"

Akarudisha picha nyuma. Mto, matope, mama amelala, pembe moja imezama. Ndama anakuja taratibu. Anasimama. Hana nyusi. Uso ni ngozi na nzi.

"Tazama masikio."

Masikio yalikuwa yamelala chini, kama majani ya mgomba saa saba mchana. Sikuwa nimeyaona.

"Sasa tazama ulimi."

Ndama aliinamisha kichwa, akaanza kumlamba mama yake shingoni. Polepole. Akitoa tope.

"Ee, anamlamba. Ng'ombe hulamba."

"Nani hulamba nani?"

Nimefuga, mimi si mtu wa ghorofani. Ng'ombe akizaa anamlamba ndama mpaka asimame. Mama ndiye hulamba.

"Kirewa niliona mara moja," Oriokot alisema. "Ng'ombe ilikufa asubuhi, na ndama yake hakupiga kelele. Alilamba. Ile kazi mama alikuwa namfanyia, yeye ndiye nafanya sasa, kwa sababu mama hawezi tena. Watu walipita pale wakasema, hiyo ndama ni mjinga, haijui mama amekufa." Akaonyesha ukuta kwa kidole. "Hao watu wa kompyuta, sijui nani aliwaambia. Lakini walimwona huyo ndama. Wa kuchora alikuwa na machozi, nilimpenda, alinisaidia. Huyu ndiye nilimfahamu."

Picha ikaendelea. Ulimi ukapita shingoni, ukarudi.

"Siku ile," nikasema, na nilisema taratibu, si kawaida yangu, "ulikuwa unamsuka mtoto kwa nini?"

"Ilikuwa Jumamosi."

"Ndiyo?"

"Ilikuwa Jumamosi, Mama Patroba. Atai alikuja na kitana. Nyinyi mko mbele nalia, watu wamejaa, hakuna mtu naona mtoto. Yeye nasema, Papa, mama amelala sana leo, nani atanisuka? Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia. Sikupata. Basi nilikaa kwenye kigoda." Alitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Mimi najua kusokota kamba ya ng'ombe tu. Nyuzi tatu. Nilimsokota hivyo. Ilikuwa mbaya sana, lakini hakulia. Alikaa vile alikuwa nakaa kwa mama yake. Nikasikia shemeji naingia na mayowe, na mimi nikasema ndani ya moyo, nimalize kwanza huu upande, halafu nitatoka, nitaanguka, nitafanya yote."

"Hukusema hivyo kwa mtu?"

"Kwa nani? Na sura gani?" Mkono ulipanda ukaigusa sura hiyo, ukashuka. "Ningetoka kwanza. Ndiyo naumwa nayo. Ningetupa kitana, nikimbie barabarani, nijitupe mbele ya Phillip kama mwanamume mwenye kufiwa, wanione, halafu nirudi kumsuka. Nani angenizuia? Nilichelewa kwa msuko mmoja, mtoto akakua kwa watu. Na hiyo ng'ombe ya kuchora... kila siku walipowasha, nilikuwa nazika Nereah. Ndani ya maikrofoni sikuwa mimi, nilikuwa ndama, basi nikaweza. Watu wakapiga makofi. Nikasema, iko sawa, wapige. Sikujua Phillip iko nje."

Nikachukua kabalagala, nikaanza kuifuta mafuta yasiyokuwapo.

Ndipo niliposikia kule nje. Trela zilikuwa zimezima. Wauza ndizi walikuwa kimya, na hao hawanyamazi hata padre akipita. Kuna mwanamke alipenga kamasi. Oriokot hakusikia, alikuwa bado anautazama ule mkono wake.

"Alikuwa amebaki upande wa kushoto," alisema, akimwambia ndama, si mimi. "Nimefika hapa, nyuma ya sikio. Vidole vyangu bado najua pale nilipoacha. Akija leo sitalia na sitasema kitu, nitaacha hiyo picha ijipite yenyewe bila sauti, na akiniuliza kwa nini, nitamwambia, Atai, mimi siku ile nilikuwa nataka tu..."

Pazia la mlangoni lilisogea, mwanga ukaingia mpaka ukutani, ukamfuta ndama nusu. Si Caro. Alikuwa msichana mrefu, mwenye viatu vya vumbi la Lumino, ameshika mkoba kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa juu ya kitambaa cha kichwa, upande wa kushoto, nyuma ya sikio.

Mimi nikanyoosha kiwiko polepole, nikaizima ile taa nyekundu ya spika ya nje.